Kwa nini tamthilia zetu zikifika kwenye ujumbe zinaacha kuwa hadithi?

FundiMbuyuni (Moshi)

Habari za jioni wadau. Kuna jambo limenikaa rohoni, naomba tulijadili kwa upole.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, jirani na soko la Mbuyuni. Nashona magauni ya kitenge, sare za shule, na Desemba watu wakija nyumbani nashona sare za familia nzima. Televisheni naiwasha nikifungua ofisi na kuizima nikifunga, kwa hiyo tamthilia nazijua: za hapa kwetu, za Kenya, za Kituruki zilizowekewa sauti za Kiswahili. Wateja wangu wengi ni akina mama wanaosubiri kupimwa au kusubiri pindo, na wakiona kitu wanakisema hapo hapo, hawangoji tangazo.

Juzi ilikuwa inaonyeshwa tamthilia moja, jina lake siliweki. Mume kafa, arobaini haijaisha, ndugu wa mume wamekuja. Vyombo vinatolewa nje kimoja kimoja: sufuria, ndoo, godoro, picha ya harusi ikiwa bado kwenye fremu. Mjane amesimama mlangoni na kanga ya msiba, halii, anawaangalia tu. Ofisini kimya. Mimi mwenyewe nilitoa mguu kwenye cherehani. Halafu akatokea wakili. Kijana, suti, begi. Hatukuambiwa nani kamwita wala nani atamlipa. Akasimama uwani akaanza kuwasomea wakwe haki za mjane kwa sauti ya risala, na shemeji mtu aliyekuwa anabeba godoro sasa hivi akainamisha kichwa, akaomba msamaha. Muziki, majina ya waigizaji, kwisha.

Pale ofisini alikuwepo mama mmoja wa Kibosho, mjane. Akasema, "Huyo wakili wanampata wapi? Mimi shemeji yangu aligoma kusaini muhtasari wa kikao cha ukoo tu, nikazunguka misimu miwili ya kahawa." Dada mwingine akamjibu, "Mama, hizo ni filamu za semina," akaomba tuweke ya Waturuki.

Filamu za semina. Hilo jina sasa lipo mjini. Watu wakiona nembo nne za wafadhili mwanzoni wanajua kabisa kwamba dakika za mwisho kuna mtu atatufundisha, na wanaondoa moyo mapema. Na mimi hilo linaniuma, maana jambo lenyewe ni la kweli na ni letu. Huku mlimani kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, ndicho kila kitu: migomba ipo pale, kahawa ipo pale, makaburi ya wazee yapo pale. Mwanamke akiondolewa kihambani hajapoteza nyumba peke yake, amepoteza chakula cha kesho na mahali watoto wake wanapoitwa wa nani. Hadithi nzito namna hiyo ndiyo mnaimaliza kwa hotuba ya dakika mbili?

Sisemi filamu zisifundishe. Nimeiona Neria ya Zimbabwe, ya mwaka 1993, ile yenye wimbo wa Oliver Mtukudzi. Habari ni hiyo hiyo ya mjane na shemeji. Lakini yule shemeji, Phineas, haji kwa ukali. Anakuja na maneno matamu ya mila, anajipakulia mali ya marehemu huku kila mtu akiona anatimiza wajibu wake kwa ukoo. Neria anasitasita muda mrefu kabla ya kukubali kwenda mahakamani, kwa sababu kumshitaki ndugu wa mume ni kujitenga na watu utakaozikwa nao. Ule woga wake ndio ulionishika. Siku ile niliiangalia mpaka mwisho na chakula kikaungua.

Jambo la pili ni UKIMWI. Miaka yote hii, msichana wa filamu zetu akienda mjini akavaa sketi fupi, tunajua atapata virusi, atakonda, atarudi kwao kuomba radhi na kufa. Dawa zinatolewa bure nchini tangu 2004! Nina mteja alianza kumeza dawa binti yake akiwa darasa la kwanza, na binti yuko kidato cha nne sasa, mama mwenyewe ana duka na afya yake njema. Huyo hajawahi kujiona kwenye televisheni hata mara moja. Anachokiona ni kaburi lake. Ujumbe gani huo?

Sasa naomba kuuliza. Je, kuna filamu, tamthilia, hata mchezo wa redio uliowahi kukufanya ubadilishe kitu maishani? Kilikuwa na nini ambacho hizi za kwetu hazina? Na kama kuna mtu humu anayeandika hizi kazi, tafadhali atuambie ile hotuba ya mwisho nani huwa anaidai.

---

MzeeWaUsaRiver

Mwanangu fundi, umeuliza mtu ambaye jibu analo.

Mimi nilikuwa utingo, baadaye dereva, malori ya kutoka Tanga kuja Arusha na kuendelea Namanga. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo unaitwa Twende na Wakati. Nyie vijana hamkuwepo. Ulikuwa na dereva wa lori anaitwa Mkwaju, mlevi, ana wanawake kwenye vituo vya njiani, na mkewe Tunu yuko nyumbani na watoto na shida zote. Sasa fikiria madereva halisi tumeegesha malori jioni, tunasikiliza redio moja, na anayeongea humo ndani ni sisi. Alikuwa anadanganya tunavyodanganya. Safari imechelewa kwa sababu gari limeharibika, na gari halijaharibika. Tulicheka sana mwanzoni. Tukaanza kuitana Mkwaju. "Wewe Mkwaju, leo unalala wapi?"

Kicheko kilipungua polepole. Mkwaju hakuhubiriwa na mtu. Waandishi walimwacha aendelee na mambo yake wiki baada ya wiki, na sisi tukaona pesa zinavyokwisha, tukaona Tunu anavyoacha kumtegemea na kuanza kutafuta vyake. Mkwaju akaugua, na akafa. Wakati huo dawa hazikuwepo, na barabarani tulikuwa tunazika wenzetu kweli. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Na sikwambii kwa hisia zangu tu. Wale waliotengeneza mchezo walifanya jambo la akili sana. Kuanzia 1993 mpaka 1995 kituo cha Dodoma hakikurusha mchezo ule, kwa makusudi, ili watafiti walinganishe Dodoma na mikoa iliyousikia. Waliosikia walienda kliniki za uzazi wa mpango kwa wingi zaidi, na watu wakasema wamepunguza wapenzi. Mwaka 1995 Dodoma nao wakafunguliwa, na mabadiliko yakaanza kuonekana huko pia. Kwa hiyo wanaosema hadithi haibadilishi watu, hapa Tanzania lilipimwa na jibu lilipatikana.

Mbinu yenyewe ilitoka Mexico, kwa mtu anaitwa Miguel Sabido, aliyetengeneza tamthilia za televisheni miaka ya 1970 kuhusu kisomo cha watu wazima na uzazi wa mpango. Yeye aliweka wahusika wa aina tatu: mwema, mbaya, na yule wa katikati asiyejua aende wapi. Huyo wa katikati ndiye mtazamaji. Sasa angalia tamthilia yako ya wakili. Wa katikati ni nani? Hayupo. Kuna ndugu wabaya na mjane mwema na wakili malaika. Mimi nitajiona wapi hapo, kama mimi ni yule mdogo wa marehemu ambaye moyoni najua hili si haki lakini kaka zangu wakubwa wamekaa kikaoni wananiangalia?

Na muda, mwanangu. Mkwaju tulikaa naye miaka. Nyie mnapewa saa moja na nusu.

---

KibandaNgarenaro (Arusha)

Shikamoo mzee wa Usa. Fundi, pole na kazi.

Mimi nina kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, hapa Ngarenaro. Mpira, na siku zisizo na mpira filamu zilizotafsiriwa na madijei. Wateja wangu ni bodaboda, vijana wa gereji, wapiga debe, wengi chini ya miaka thelathini. Analipa mia tano yake, ametoka kugombana na trafiki tangu asubuhi. Ukimwekea filamu ya semina anatoka na wenzake kumi wanamfuata, na kesho hawarudi. Huo ndio ukweli wa biashara.

Lakini naomba muone upande mwingine ambao mimi nauona kila usiku. Kuna filamu ya mapigano, haina mfadhili, haina nembo. Jambazi anampiga mwanamke kofi, na dijei juu yake anaongeza la kwake, "mwanamke mdomo kama spika, dawa yake hiyo". Kibanda kizima kinalipuka kwa kicheko. Hakuna aliyeita ule ujumbe, hakuna kamati iliyoupitisha, na umeingia vizuri kuliko semina zote za mkoa huu. Mimi nimesimama mlangoni nakusanya hela, nawaona watoto wa miaka kumi na tatu waliojipenyeza nyuma wanavyocheka na kaka zao.

Nimeacha kununua kazi za dijei mmoja kwa sababu hiyo. Wateja walilalamika, nikawaambia sina, imeisha.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaosema burudani iachwe iwe burudani. Vijana wanafundishwa usiku kucha. Ninachoomba kwa hao wenye ujumbe mzuri ni kwamba wajifunze kazi kama hao wengine walivyojifunza: hadithi ikimbie, mtu acheke, aogope, ashike kichwa. Mzee kasema Mkwaju alichekesha. Nani leo anachekesha kwenye filamu ya mirathi?

---

mama_wa_Himo

Mimi nikitoka sokoni nataka kucheka nilale, matatizo ninayo ya kutosha. Ila mtoto wangu wa miaka minne anahesabu na anataja herufi kwa sababu ya katuni ya Akili, yule mtoto anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro kama sisi. Anaimba mpaka bafuni. Hapo sina cha kulaumu, wametengeneza kitu mtoto anakiomba mwenyewe.

---

Naserian_Longido

Nawasalimu wote. Nasoma Arusha mjini lakini kwetu ni Longido, na mimi ni Mmaasai. Nimesoma nimeshindwa kunyamaza.

Kwenye filamu zetu Mmaasai ana kazi mbili. Ya kwanza ni mlinzi wa geti, ana rungu, Kiswahili kinamshinda, watu wacheke. Ya pili ni ukeketaji. Hakuna Mmaasai daktari wa mifugo, hakuna Mmaasai anayedaiwa mkopo, hakuna mama wa Kimaasai anayegombana na mkwewe kuhusu maziwa. Tunatokea kuchekesha au kurekebishwa.

Ukeketaji naupinga, na nimeupinga nyumbani kwa mdomo wangu, mbele ya baba, jambo ambalo si dogo kwetu. Kwa hiyo mtu asinielewe vibaya. Lakini siku moja likizo niliangalia na yeyo (mama) na koko (bibi) wangu filamu fupi kuhusu jambo hilo, kwenye simu. Inaanza na ngoma, watu wamevaa shanga, ng'ombe anachinjwa, ngariba kachorwa uso kama mchawi. Binti anakimbia usiku. Anafika mjini, dada mmoja wa shirika anampokea, anamwelezea madhara huku kamera inatuangalia sisi. Koko aliangalia mpaka kwa ngariba, akanirudishia simu. Akaniambia, "Huyu hakuwahi kukaa kwenye boma. Ngariba wetu alikuwa ndiye anayetuzalisha." Akatoka nje kwa mbuzi wake. Na kumbuka koko ndiye mtu anayetakiwa kubadilika! Filamu ilitengenezwa kwa ajili yake, na ilimpoteza kwa sababu ya uso mmoja.

Kuna jambo zito zaidi. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 ilifanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Matokeo yake ni kwamba sehemu nyingi sherehe za wazi zimepungua, na baadhi ya familia wanafanya kwa watoto wachanga, ndani, kimya, mtoto asiyeweza kusema wala kukimbia. Anayefanya kazi ya afya mikoa yetu analijua hilo. Lakini filamu bado zinaonyesha ngoma na binti wa miaka kumi na minne anayekimbia, kwa sababu ngoma inapendeza kwenye kamera. Mtu wa mjini akiiona anaridhika: sherehe hazipo tena, basi limekwisha. Halijakwisha. Limehamia mahali ambapo mtengenezaji filamu hajawahi kuuliza.

Mkitaka nione kitu kipya, nionyesheni mama kijana aliyejifungua juzi, mama mkwe amekaa pembeni ya moto, hakuna anayepaza sauti, na yule mama ana usiku mmoja wa kuamua atamwambia nini mumewe. Hiyo sini haina shanga hata moja, na nyumba nyingi zitaitambua.

---

FundiMbuyuni

Naserian mdogo wangu, umenifanya niache kukata kitambaa. Hilo la watoto wachanga nimewasomea wateja, wawili wa huku Hai wakasema wamelisikia kliniki.

KibandaNgarenaro, Mungu akubariki kwa kuacha kazi za yule dijei. Kupoteza wateja kwa ajili hiyo si jambo dogo.

---

MsaidiziKisheria_KLM

Habari fundi na wadau. Nafanya kazi ya msaada wa kisheria huku Kilimanjaro, wengi wanaokuja kwetu ni wajane na mabinti, na wengi ni kuhusu vihamba. Nataka niongelee wakili wako wa suti, kwa sababu madhara yake nakutana nayo mezani.

Mama anakuja ananiambia, "Naomba uje useme nao, wakisikia sheria wataacha." Ametoa wapi hilo? Kwenye televisheni. Anaamini kazi yangu ni kwenda uwani kuongea. Muda anaosubiri mtu wa kuja kuongea, shemeji anauza kipande cha barabarani.

Hatua zenyewe hazina muziki. Kwanza cheti cha kifo, ambacho msimamizi wake ni RITA, wakala wa serikali wa usajili. Halafu kikao cha ukoo kinachopendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wake. Halafu ombi linafunguliwa mahakamani. Mirathi nyingi za kimila zinaanzia Mahakama ya Mwanzo. Sasa yule mama wa Kibosho aliyezungushwa na muhtasari ningependa ajue hili: muhtasari wa ukoo ni utaratibu uliozoeleka, lakini ndugu kugoma kusaini si mwisho wa safari. Anaweza kufungua ombi na kuieleza mahakama kwamba ndugu wamegoma, na mwenye pingamizi ataitwa aje alitoe mbele ya hakimu. Nimeona maombi ya namna hiyo yakipokelewa. Sentensi moja tu hiyo ndani ya tamthilia, ikasemwa na mwanamke mwenzake kwenye foleni ya maji, ingewaokoa watu wengi kuliko hotuba ile yote.

Nimeona pia tamthilia, na si ya zamani, ambayo baraza la kata linakaa na kutoa hukumu ya shamba, watu wanashangilia. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza la kata kwenye migogoro ya ardhi linasuluhisha, halihukumu. Usuluhishi ukishindikana unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mtu akifuata tamthilia atakaa kwenye ofisi ya kata anasubiri hukumu isiyokuja.

Halafu wanasema "sheria iko upande wa mwanamke" kana kwamba jambo limekwisha hapo. Sheria za ardhi za 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, ni kweli. Lakini tamko la sheria za mila za mirathi la mwaka 1963, linalomweka mjane na binti nyuma, nalo halijafutwa vitabuni. Mambo haya mawili yanagombana kila siku mahakamani, na mjane anasimama katikati. Huo ugomvi ungekuwa hadithi nzuri kuliko shemeji mwenye macho mekundu. Kwa nini hawaionyeshi sheria nayo ikiwa na shaka zake?

---

kalamu_ya_Sakina (Arusha)

Nimefuatilia uzi huu tangu jana. Fundi aliuliza nani anadai ile hotuba, na mimi ni mmoja wa waliowahi kuiandika, kwa hiyo nadaiwa jibu.

Kazi inavyokuja ni hivi. Shirika lina fedha za mradi na lina karatasi ya ujumbe mkuu, mara nyingi ukurasa mmoja au miwili: mtazamaji aondoke anajua moja, mbili, tatu. Unaandika hadithi. Rasimu ya kwanza huwa nzuri, nakwambia kweli. Kisha inapita kwa afisa wa mradi, kwa mtaalamu wa jinsia, kwa mtu wa mawasiliano, na kila mmoja anatafuta sentensi yake ndani ya skripti. Asipoiona anaandika pembeni, "Ujumbe haujajitokeza." Kwenye skripti ya mwisho niliyofanya, sini ya binti na baba yake wakichota maji kisimani ilikuwa na mistari minne, na baba alikuwa anajibu kwa kuguna tu. Ilirudi kwangu binti akiwa na aya nzima kuhusu faida za elimu, na baba anasema, "Asante mwanangu, sasa nimeelewa." Mwigizaji mzee aliyecheza baba, mtu wa Meru, aliisema mara ya kwanza akasimama, akamuuliza mwongozaji, "Sasa mimi ninaelewa saa ngapi?" Swali zuri sana lile. Lakini ilibidi tuirekodi, kwa sababu ripoti inahitaji kuonyesha mahali ambapo ujumbe umetamkwa.

Mfadhili hawezi kupima kuguna. Anapima sentensi.

Na huu mpangilio ni wa zamani kuliko mashirika ya leo. Kuanzia 1935 mpaka 1937 Baraza la Kimataifa la Wamisionari, likiungwa mkono na serikali ya kikoloni, lilikuwa na mradi wa filamu za kuwafundisha Waafrika, makao yake Vugiri, milima ya Usambara. Zilitengenezwa filamu kama 35, zikazungushwa kwa lori vijijini hapa Afrika Mashariki, maelezo ya lugha zetu yakitoka kwenye santuri. Safura, malaria ya watoto, kodi, akiba ya posta. Ile ya akiba ya posta ina watu wawili wamepokea mshahara: mmoja anachimbia hela ardhini na zinaibiwa, mwenzake anaweka posta na mambo yanamnyookea. Mjinga na mwerevu. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu anachimbia hela zake, huenda ana sababu nzuri ya kutoiamini posta ya mkoloni. Ukiweka filamu nyingi za semina za leo pembeni ya hizo, umbo ni lile lile: mtu wetu hajui, anakuja anayejua, mtu wetu anashukuru.

Lakini si zote, na hapa sitaki tuwaonee wenzetu. Siri ya Mtungi ya 2012, iliyopigwa Bagamoyo, ilikuwa na wafadhili na ujumbe wa afya, na watu waliifuatilia kwa hiari yao. Cheche yule mpiga picha hakuwa mwema wala mbaya, alikuwa mtu anayependa mke wake na anayeshindwa na nafsi yake, na hatukuambiwa tumhukumu vipi. Ni yule wa katikati wa mzee wa Usa River. Kwa hiyo fedha za mradi peke yake haziharibu hadithi. Kinachoharibu ni woga wa kumwamini mtazamaji, na huo woga upo maofisini, na upo pia kwetu waandishi tunaokubali kila alama ya pembeni kwa sababu malipo ya mwisho hayajatoka.

Fundi, kama ungekuwa wewe unaandika ile ya mjane, ungeanzia wapi?

---

FundiMbuyuni

Kaka wa Sakina, asante kwa kusema wazi. Nitakujibu kwa alichonisimulia yule mama wa Kibosho, maana alirudi leo kujaribu gauni tukakaa.

Ningeanzia kwa shemeji. Huyo shemeji aliyegoma kusaini ndiye aliyelipia jeneza. Ndiye aliyesimama usiku kucha na wageni msibani, na watoto wa marehemu walikuwa wanamkimbilia wakimwona. Kila mama alipoenda kumkumbusha muhtasari alimkaribisha chai, akamuuliza watoto wanaendeleaje shuleni, akasema, "Shemeji, tusiharakishe, kaka bado hajapoa kaburini." Hakuwahi kupaza sauti. Huku kahawa ya kihambani anavuna yeye, anapeleka chama cha ushirika kwa jina lake. Mama anasema kilichomtesa ni kwamba hakuwa na mtu wa kumchukia.

Halafu ningeweka benchi la nje ya mahakama. Amevaa vizuri, amepanda daladala alfajiri, anaambiwa karani hayupo, njoo Alhamisi. Na pembeni yake kuna mwanamke mwingine mwenye bahasha, hawajuani, na huyo ndiye anamwambia ile sentensi ya dada msaidizi, kwamba ndugu wakigoma unaweza kufungua hivyo hivyo. Anaisema huku anamenya chungwa. Wala isirudiwe.

Na mdogo wa marehemu, yule anayejua lakini anaogopa kaka zake, naye awepo. Mpaka mwisho nisijue atasema nini akiitwa na hakimu.

---

kalamu_ya_Sakina (Arusha)

Hiyo nitaiandika, na nitaiandika kabla sijamtafuta mfadhili yeyote. Naomba unisaidie mambo mawili. Muulize mama kama yuko tayari nije Moshi anisimulie, bila jina lake wala kijiji chake kutajwa popote. Na MsaidiziKisheria, ukikubali, nitakutumia rasimu uniambie wapi sheria nimeikosea.

---

MsaidiziKisheria_KLM

Tuma. Na sini ya mahakamani usimpe hakimu maneno mengi, siku ya kwanza huwa anapanga tarehe tu.

---

FundiMbuyuni

Mama amekubali. Anasema njoo siku isiyo ya soko, na umlete Naserian kama ana nafasi, anataka kumuuliza habari za yule koko.